Prof Anakuja Kuona Ndege

Mtu aliyetaka kumchokoza Prof hakuhitaji kumtukana. Alimwuliza tarehe tu. "Prof, safari ni lini?" Basi Prof angevua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaitazama kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti, akairudisha puani, ndipo angesema maneno ambayo nusu ya mji wa Baraka waliyajua kwa moyo: "Tutaenda. Lakini na akili."

Watoto wa avenyu yetu waliyageuza maneno hayo kuwa mchezo. Ukimtuma binti yako ziwani kuchota maji anakujibu kutoka kitandani, "Nitaenda, mama, lakini na akili." Niliwahi kumpiga wangu kanga mgongoni kwa jibu hilo, na Prof akasikia kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa, akacheka mpaka akakohoa.

Alifundisha biolojia katika shule ya sekondari, na kwetu mwalimu wa sekondari ni Prof hata kama mfuko wake una tundu. Nilikaa darasani kwake nikiwa msichana, nikaolewa, nikajifunza kushona, na maisha yakanirudisha jirani yake, uwanja wangu na wake ukitenganishwa na ua wa minyaa tu. Sitasimulia alizaliwa wapi na nani. Mwenyewe hakupenda habari hizo. Wazee wakianza kuulizana koo, yeye aliondoka kwenda kutazama kuku.

Ila alichokuwa anakitaka lazima nikiseme mapema, maana wasiokijua walidhani ana kichaa kidogo. Katika msitu wa Itombwe, juu kule nyuma ya mji wa Fizi, kuna ndege mdogo mnenemnene, mwili kijani kama majani mabichi, koo na kifua buluu iliyopauka. Anapatikana katika milima michache tu ya upande wetu huu wa dunia, na sheria inakataza kumgusa. Prof alifundisha habari zake miaka yote kwa picha moja iliyokatwa kitabuni na kuvishwa plastiki, lakini mwenyewe hakuwahi kumwona. Alitaka kumwona mara moja, mzima, juu ya tawi lake. Na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Daktari wa hospitali ya Nundu alimwambia ni presha ya macho, inakula polepole kuanzia pembeni, na ilichokula hakirudi. Kwa hiyo Prof alikuwa anashindana na macho yake mwenyewe, na bado alikaa anangoja lifti ya bure.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na sijaimaliza mpaka leo.

Ubahili wake haukuwa wa kawaida. Bahili wa kawaida anamnyima mwenzake. Prof alijinyima yeye, na kwa furaha, kama mtu anayecheza karata na dunia na kuishinda. Viatu vya safari alivipata katika mafungu ya mitumba, kimoja kikubwa kuliko mwenzake, akakijaza kitambaa nilichompa kutoka kwenye mabaki ya kushona. Koti la mvua lilikuwa turubai la kambi ya Lusenda. Wakimbizi wa Burundi walipopewa maturubai mapya, ya zamani yalikuja sokoni, naye akaniletea moja nimshonee. Lilikuwa gumu, sindano mbili zilivunjika, na alipolivaa alisimama kama mlango. Akageuka huku na huku uani kwangu. "Unaona?" akasema. "Mvua itachoka, itaniacha."

Darubini nayo aliipata huko huko Lusenda, kwa Mrundi mmoja kinyozi. Ilikuwa nusu. Zamani ilikuwa ya macho mawili, ikaanguka, ikapasuka katikati, na aliyebaki na nusu nyingine hakuna anayemjua. Prof alimpa kinyozi redio yake kwa kile kipande. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Prof, alipokosa redio ya kusikilizia mahubiri alinijia akiwa amefura.

"Ametoa redio nzima juu ya nusu ya kitu," alisema. "Minaoleka na muntu wa namna gani?"

"Lakini jicho langu moja njo linaona muzuri," Prof alijibu kutoka upande wa pili wa minyaa. "Ile ingine ningelipia bure."

Asubuhi alisimama juu ya jiwe la kufulia, kipande kimebanwa kwenye jicho la kulia, akitazama kwera wakifuma viota kwenye michikichi ya jirani. Jirani huyo alikuwa na mabinti wawili wakubwa. Maneno yalisemwa. Ilibidi Prof aende kwa baba yao kumpa kile kipande ajionee mwenyewe, na yule baba akakaa nacho mpaka mchana, akitazama mitumbwi.

Chakula cha safari nacho kilikuwa na elimu yake. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hazinunuliwi Baraka sokoni, zinanunuliwa Swima, zikianikwa, giza la mwezi likiwa limejaza nyavu. Basi angepanda baiskeli mpaka Swima na kurudi na mfuko, nyumba zetu zote mbili zinanuka. Unga wa muhogo ulikuwa wa shamba lake. Chumvi na sabuni alizitenga mbali, kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, kwa ajili ya watu watakaotulaza njiani, maana mimi nilishahesabiwa msafiri. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Mama Prof aliwahi kufulia majivu ya migomba siku ya Jumamosi huku miche ya sabuni imelala chini ya kitanda chake mwenyewe, na Jumapili aliimba kwaya bila kumtazama mumewe.

Hoteli, alisema, ni kitu cha watu wasio na ndugu. Kutoka Baraka mpaka msituni alikuwa ameshapanga malazi yote: Fizi kwa katekista Mkatoliki aliyesoma naye, mbele yake kwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye mtoto wake alikuwa mwanafunzi wake, na mwisho kabisa, katika kijiji kinachopakana na msitu, kwa mzee mmoja aliyewahi kuuguza mke wake hapa Baraka na kulala kwa Prof mpaka mama akapona. Mwenyewe alikuwa Mprotestanti wa kiti cha mbele. Nilipomwambia safari yake inagusa dini zote, alisema, "Mungu hauzishe chumba."

Usidhani alikuwa malaika wa ndege. Aliwanyang'anya wanafunzi manati kwa kishindo kikubwa, akawasomea sheria mbele ya bendera, kisha mipira ya manati zile akaifungia mizigo kwenye baiskeli yake. Alihubiri kufika kwa wakati, naye hakuna safari aliyoianza siku aliyoitangaza. Alinikemea kwa kufukuza mbayuwayu waliojenga juu ya cherehani yangu, wakachafua vitenge vya wateja, lakini njiwa wa kuchoma akikaribishwa alikula mpaka mifupa, akifunga macho. "Huyu anapatikana," alisema nilipomtazama. "Sheria haimujui."

Na hakuwa mtu wa upole siku zote. Wakati kijana wangu alipofeli mtihani wake, sikuambiwa maneno matamu. Aliniita kwenye minyaa akasema mtoto ni mvivu na mimi ndiye ninayembeba. Nilikaa bila kumsalimu kwa muda mrefu. Kisha jioni zikaanza: alimwita kijana, wakakaa barazani kwake, wakasoma, mpaka mtihani akaufaulu. Hakuniambia neno, wala hakutaka kuku niliyempelekea. Nikamrudisha kuku nyumbani nikiwa nimemkasirikia upya.

Sasa nifike kwenye habari za kutuma salamu, kwa sababu kila kitu kimelalia hapo.

Kwetu hapa hufiki kwa mtu mlimani kama mvua. Unatuma neno kwanza. Kufika bila neno ni kuvizia sufuria za watu, na pia unawatia aibu, utawakuta hawana nyama, hawana kitanda, mama amevaa kitenge cha shambani. Prof alikuwa mkali sana kwa jambo hili. Mjumbe wake alikuwa mama wa maharage, mwanamke mrefu wa kijiji kile kile cha mwisho, aliyeshuka na mzigo mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, akauza maharage yake Baraka, akapanda tena na chumvi na ndagala. Alipofika alipumzika uani kwa Prof, akanywa maji, akapewa neno.

Neno lilikuwa moja siku zote. Nililisikia mara nyingi mpaka ningeweza kulituma mimi. "Umwambie mzee, mwezi ukikufa tutapanda. Prof anakuya kuona ule ndeke wa kijani, wa koo ya buluu. Basihangaike kwa chakula, tutabeba yetu. Tunakuya paka juu ya ndeke, ndeke tu."

"Nitasema," mama wa maharage alijibu. "Batafurahi sana."

Kisha mwezi ulikufa na hatukupanda. Mara ya kwanza kulikuwa na lori la mtu aliyeahidi kutufikisha Fizi bila malipo, na lori likavunjika springi. Nilimwambia tupande pikipiki. Alinitazama kana kwamba nimemwambia tukodi ndege. Mara nyingine mvua zilirefuka. Mara nyingine tena kulikuwa na milio ya risasi juu kule, na watu walikuwa wanashuka na magodoro vichwani, hapo hakuna wa kulaumiwa. Lakini ilikuwepo pia ile mara ambayo njia ilikuwa nyeupe, mbingu kavu, ndagala zimekauka, na yeye akasema tungoje mkutano mkuu wa kanisa, kwa sababu wajumbe wa mlimani watakuwa wanarudi kwao, tutaandamana nao, sufuria itakuwa moja. Mkutano ukaahirishwa. Sisi tukaahirishwa nao.

Kila mara neno lilikuwa limeshatangulia. Prof anakuja kuona ndege.

Hakuona ubaya wowote. Alisema ahadi inayochelewa bado ni ahadi. Mimi niliona ubaya, lakini nilichoona kilikuwa macho yake tu. Alianza kugonga sufuria za Mama Prof kwa mguu. Alinisalimu mimi akidhani ni dada yangu, nikiwa nimesimama upande wake wa kushoto. Siku moja alipita pembeni kabisa mwa mkuu wa shule bila kumwamkia, ikawa kesi ya utovu wa adabu mpaka mtu akaeleza. Hapo Mama Prof, ambaye miaka yote aliicheka safari ile, alivuta sanduku la chuma kutoka chini ya kitanda, akaliweka katikati ya sebule.

"Sasa utaenda," alisema. "Na akili ao bila akili. Sitakuongoza mimi kipofu mwenye kunilaumu."

Tukaenda. Mama Prof alibaki na kuku, nami nikaenda kama mikono na macho ya ziada. Hata hivyo alituchelewesha Fizi. Katekista alisema kuna mtu wa familia yake anapanda na punda baada ya siku chache, mizigo ingebebwa bure. Tukakaa. Neno lilikuwa limetutangulia na mama wa maharage, tarehe ilikuwa imetajwa, na sisi tulikaa Fizi kwa katekista tukila ndizi zake, Prof akiwa amefurahi kama bwana harusi kwa ajili ya punda. Nikikumbuka ndizi zile nasikia uchungu mdomoni.

Kupanda kwenyewe kulikuwa kuzuri, siwezi kusema uongo. Ziwa lilibaki nyuma yetu chini, likazidi kuwa kubwa kadiri tulivyopanda, na milima ya upande wa Tanzania ikatokea. Baridi ilitukuta. Prof alivaa turubai lake na hakuna mvua iliyonyesha. Kila ndege aliyelia alisimama, akabana kile kipande kwenye jicho, nami nikamgeuza bega kuelekea sauti. Alinitajia majina. Mengi niliyasahau kabla ya kilima kinachofuata, lakini furaha yake sijaisahau.

Kijijini walitupokea kwa vigelegele. Mzee alikuja kutupokea njiani, mkongwe mwenye kofia ya sufu, akamshika Prof kwa mikono miwili. Maji ya moto yalikuwa tayari, na mbuzi alikuwa amefungwa karibu na jikoni. Prof alitoa chumvi na sabuni kwa mama wa nyumba, zikapokelewa kwa magoti. Tulipokwisha kuketi, mzee alipiga makofi kidogo, akasema:

"Prof, tulikungoja sana. Watu balianza kusema hautakuya. Mi nikabaambia, ule muntu alinilalisha mu nyumba yake, hawezi kudanganya."

"Njia, baba," Prof alisema. "Unisamehe."

"Hapana neno. Umefika. Leta," akamwambia mke wake.

Mama akaingia ndani, akarudi na kitunga kidogo cha mianzi kilichofunikwa jani la mgomba. Akakiweka miguuni pa Prof kama unavyomwekea mgeni sahani. Prof aliinama. Nilidhani ni karanga. Mzee mwenyewe akafunua jani.

Alikuwa amelala ubavu, miguu imekunjwa. Kijani ile ile ya pichani, na buluu ile ile, ila picha haikuonyesha jinsi alivyo mdogo. Kwenye mabawa kulikuwa na utomvu wa ulimbo uliokauka.

"Huyu amekufa jana asubuhi," mzee alisema kwa masikitiko ya kweli. "Bijana balimushika kwa ile siku ulisema. Tulimupa matunda, tulimupa bidudu. Alikula kidogo. Kama ungefika kwa siku yako, ungemukuta anaruka mu kitunga."

Prof alikuwa amemchukua, ameweka kwenye kiganja, ameleta kiganja karibu na jicho la kulia.

"Na bale bengine bote ni vile vile," mzee aliendelea. "Ile mara ya kwanza tulishika mumoja, tukangoja. Ile mara ingine bili, dume na jike yake, juu ya kukuchagulisha. Mwaka ya mvua mumoja. Mama, muonyeshe, asiseme tunamudanganya."

Mama alinyoosha mkono kwenye nyasi za paa, akachomoa fungu la manyoya yaliyofungwa kwa uzi. Kijani na buluu, kijani na buluu. Yalikuwa yamehifadhiwa vizuri, hayana vumbi.

Mimi ndiye niliyeropoka. "Lakini baba, kwa nini mulibashika? Tulisema tunakuya kubaona."

Mzee alinigeukia bila hasira. Alinieleza kama unavyomweleza mtoto wa mjini. "Mama, mugeni akikutumia neno anakuya kula kuku, unamwambia akifika aende kushika kuku mu majani? Prof ni muntu mukubwa, macho yake inagonjwa, mama wa maharagi alituambia. Tumuache azunguke mu pori kama mutoto? Haya yetu tungeificha wapi?"

Ningekuwa na mgeni wa namna ile, ningefanya vivyo hivyo. Prof naye alilijua hilo kabla yangu, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa mkali wa kutuma neno, yeye ndiye aliyesema mgeni asiwatie watu aibu. Alimrudisha ndege kitungani, polepole, akamfunika na jani. Kisha akasimama na kuwashukuru. Aliwashukuru vizuri, kwa maneno ya mtu mzima, akamtaja kila mtu aliyesumbuka, pamoja na vijana wa ulimbo. Wakampigia makofi. Alipokaa aliificha mikono yake chini ya turubai.

Alikula mbuzi. Aliisifu nyama.

Asubuhi tuliingia msituni na mzee, mpaka kwenye korongo lenye kijito ambako ndege wale walizoea kukaa. Prof alikaa juu ya mzizi, kipande cha darubini kwenye jicho, mpaka jua likawa juu. Ndege wengine walikuja. Aliniambia majina kwa sauti ya chini. Mwisho mzee alikuna kichwa chini ya kofia.

"Balikuwaka paka hapa, hapa hapa," alisema. "Sasa sijue. Labda wenyewe ni bale tulishika."

"Labda," Prof alisema.

Kabla ya kuondoka alijaribu. Aliwaita mzee na vijana, akawaomba wasiwashike tena, hata kwa ajili yake, hata akituma neno. Walicheka kwa upendo. Mzee alimpigapiga goti. Wakubwa husema hivyo siku zote, usijisumbue, usichinje, na anayewasikiliza ni mtoto asiyelelewa. Nilimwona Prof akiwatazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba adabu yake na adabu yao zimekutana, na hakuna mlango wa kutokea.

Kushuka hakunitajia jina la ndege hata mmoja. Kule Fizi alilipa pikipiki mbili mpaka Baraka, bila kuuliza bei mara ya pili. Nilipanda ya nyuma, nikaona turubai lake linapepea mbele yangu njia nzima, na hapo ndipo nilipolia, kwa sababu hakuna aliyeweza kunisikia.

Baada ya hapo alibadilika kwa namna ambayo mtu wa mbali asingeiona. Aliendelea kufundisha mpaka macho yakamkataza ubao. Picha ya plastiki aliitoa ukutani. Ukimchokoza, "Prof, safari ni lini?" hakuvua miwani tena. Alisema, "Imeisha," na watoto wakapoteza mchezo wao. Siku moja tu alizungumza nami habari ile, kupitia minyaa, bila kunitazama. Alisema, "Ningekwenda ile siku ya kwanza, kwa mguu, ningemukuta mumoja tu mu kitunga. Ningemufungulia." Nikamwambia asijile kwa majuto. Akasema hajili, anafikiri tu.

Nilitaka kumwambia ni punda, ni lori, ni mkutano wa kanisa. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na mpaka sasa sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni ya msimu huu wa jua. Nilikuwa uani kwao, nimemletea Mama Prof blauzi ajaribu. Mama Prof alikuwa ndani anaivaa. Prof alikaa kwenye mkeka na ungo magotini, akichambua maharage, maana siku hizi ndiyo kazi aliyojipa. "Kitenge yako ya leo ni mupya," aliniambia. "Ile ya bahasha ndogo ndogo. Inakufaa." Kilikuwa kipya kweli, na bahasha zilizochapwa juu yake ni ndogo kuliko ukucha.

Hapo mama wa maharage akaingia, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akatua, akanywa maji, akasalimia. Uso wake ulikuwa na furaha aliyoibeba kutoka mlimani.

"Prof, nikuletee habari. Ule ndeke wako amerudia. Beko bili, mu lile korongo, banajenga. Mzee amebaona mwenyewe. Amesema hatusahau ile mara, ulirudi mukono mutupu, ni haya yetu. Safari hii sema siku tu. Bijana iko tayari, hawatashika mbele ya siku, batashika ile siku yako yenyewe, asubuhi, umukute muzima."

Mkono wa Prof ulisimama juu ya ungo. Niliona mdomo wake ukitafuta kitu, na nikajua anachokiona: korongo, mzizi, kiota, wawili, wazima. Pikipiki mbili tungeweza kuzipata siku hiyo hiyo. Ningelipa mimi.

"Banajenga na nini?" aliuliza.

"Na majani ya ukindu, na kuvu ya ku miti. Inaning'inia kama mufuko."

"Na banalia namna gani?"

Mama wa maharage alicheka kwa haya, akatazama kama kuna watu barabarani. Kisha akabana midomo, akatoa sauti nyembamba, fupi fupi, kama mtu anayemwita kifaranga bila kutaka mama yake asikie.

"Rudilia," Prof alisema.

Akarudia. Prof alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua hakututazama.

"Umwambie mzee nashukuru sana," alisema. "Umwambie Prof amekuwa kipofu. Yote mbili imekufa. Haone kitu tena, hata mukono yake. Hakuna cha kumushikia."

"Yoo, Prof!" Mama wa maharage alishika kinywa. "Tangu wakati gani?"

"Tangu sasa. Umwambie mbele ya bijana, basikie bote. Bale ndeke babaache, hakuna muntu wa kubaangalia."

Alilia kidogo, mwanamke yule, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akampimia Prof maharage mengine kwa huruma, akayamimina ungoni, akakataa malipo. Akabeba mzigo wake, akaenda sokoni.

Nilikaa chini kando yake. Nilisema, "Prof, lakini bado unaona."

"Sema pole pole," alisema. "Mama Prof iko ndani, atasikia, atamwambia mama wa maharagi."

Kisha akauvuta ungo karibu na jicho la kulia, akaanza kuchambua maharage mapya ya mlimani, yenye changarawe nyingi. Alizitoa moja moja, akazitupa kwenye minyaa. Baadaye Mama Prof aliyapika, nikala nao, na hakukuwa na jiwe hata moja.